Rafiki Akishambuliwa, Nani Atangaze Vita?

Usiku wa tarehe 4 Agosti 1914, yapata saa nne na nusu, Mfalme George wa Tano aliketi katika kasri la Buckingham, London, pamoja na waziri mmoja, Lord Beauchamp, na maofisa wawili wa kasri. Watu wanne tu. Hicho ndicho kikao cha Baraza la Mfalme kilichoiingiza Uingereza vitani. Saa tano usiku muda wa onyo waliopewa Wajerumani ulikwisha, na dola nzima, pamoja na kila koloni lake, ikawa vitani dhidi ya Ujerumani. Bungeni hapakupigwa kura yoyote. Siku moja kabla, Waziri wa Mambo ya Nje, Edward Grey, aliwahutubia wabunge kuhusu mkataba wa 1839 ambao mataifa makubwa yaliahidi kuheshimu na kulinda hali ya Ubelgiji ya kutofungamana na upande wowote. Wengi walishangilia, wachache walipinga, basi. Walipokuja kuulizwa jambo rasmi, tarehe 6 Agosti, vita vilikwisha kutangazwa, na waliloulizwa lilikuwa fedha: pauni milioni 100.

Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza, Astraea, ilikishambulia kwa mizinga kituo cha simu ya upepo cha Dar es Salaam. Miaka iliyofuata Waingereza walikusanya mamia ya maelfu ya wapagazi Afrika Mashariki, na kwa hesabu zao wenyewe waliokufa walipita 40,000, wengi kwa maradhi na njaa. Kambi za kikosi hicho cha wapagazi ndizo zilizoiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo na Nairobi jina la Kariokor. Mkataba wa 1839 uliowapeleka vitani ulisainiwa miaka tisa kabla mmisionari Johannes Rebmann hajauona Mlima Kilimanjaro.

Je, serikali ikishaweka saini kwamba itamsaidia rafiki akishambuliwa, Bunge limebaki na lolote la kuamua siku rafiki huyo anaposhambuliwa kweli? Waingereza wa 1914 hawakuona shida hapo, kwa kuwa kwao kutangaza vita kulikuwa haki ya mfalme, na mfalme alifuata ushauri wa mawaziri. Mkataba haukulivuka Bunge, maana njia ya kwenda vitani haikupita bungeni tangu hapo.

Italia ndiyo iliyoonyesha jinsi mkataba unavyoweza kulipita Bunge hasa. Tarehe 26 Aprili 1915, mjini London, serikali ya Waziri Mkuu Antonio Salandra ilisaini kwa siri mkataba na Uingereza, Ufaransa na Urusi, ikaahidi kuingia vitani ndani ya mwezi mmoja na kulipwa kwa ardhi ya Austria. Wabunge hawakujua. Wengi wao hawakutaka vita. Mwanasiasa mkongwe Giovanni Giolitti, aliyeongoza upande wa kutopigana, alipowasili Roma mwezi Mei, wabunge wapatao 300 waliacha kadi za majina yao nyumbani kwake kuonyesha kwamba wako naye. Kwa hesabu za bungeni vita vilikuwa vimeshindwa. Lakini mitaani makundi ya watu yalikuwa yakipiga kelele za vita, Salandra alijiuzulu, mfalme akakataa kujiuzulu kwake, na wabunge walipotambua kwamba saini ya mfalme na ya taifa imekwisha kuwekwa, wakalegea. Tarehe 20 Mei walipiga kura 407 dhidi ya 74 kuipa serikali mamlaka kamili. Siku tatu baadaye Italia ikatangaza vita dhidi ya Austria. Askari wake wapatao 600,000 hawakurudi.

Huo ulikuwa mkataba wa kushambulia, si wa kulindana, lakini wanasiasa wa nchi nyingine waliusoma vizuri. Nchi iliyolisumbukia jambo hilo kuliko zote ni Marekani.

Marekani ilizaliwa ikiwa na mkataba wa kulindana mkononi. Tarehe 6 Februari 1778, katikati ya vita vya uhuru, ilifungamana na Ufaransa. Ibara ya 11 iliitaka kulinda daima milki za Ufaransa katika bara la Amerika, yaani visiwa vya sukari kama Martinique na Guadeloupe, na Saint-Domingue ambayo leo ni Haiti. Miaka tisa baadaye Wamarekani waliandika Katiba iliyogawa madaraka kwa namna ya kutatanisha. Kutangaza vita ni kazi ya Kongresi, mabaraza yote mawili. Kufunga mikataba ni kazi ya Rais akiungwa mkono na theluthi mbili ya Seneti. Baraza la Wawakilishi, ambalo ndilo lililochaguliwa moja kwa moja na wananchi wakati huo, halina neno katika mikataba. Ikiwa mkataba unaweza kuanzisha vita wenyewe, basi baraza hilo limenyang'anywa nusu ya haki yake bila kuulizwa.

Mwaka 1793 Ufaransa ya mapinduzi ilipoingia vitani na Uingereza, jambo hili halikuwa tena la vitabuni. Tarehe 22 Aprili George Washington alitangaza kwamba Marekani haitakuwa upande wowote. Wanasiasa wawili walioshirikiana kuitetea Katiba ilipokuwa changa wakageukiana magazetini. Alexander Hamilton, akijiita Pacificus, alisema mkataba wa 1778 ni wa kujihami na Ufaransa ndiyo iliyoanza vita, na kwamba Rais ana haki ya kuutafsiri mkataba hivyo. James Madison akamjibu kwa jina la Helvidius: anayeamua kama mkataba unailazimisha nchi kupigana ameamua suala la vita lenyewe, na hilo ni la Kongresi. Cha kuchekesha ni kwamba Rais katika kisa hiki alikuwa akiutumia uwezo wake kukwepa vita, si kuvianza. Hoja ya Hamilton ingekuja kutumiwa na marais wengine kwa safari ya upande wa pili.

Kongresi iliifuta mikataba ya Ufaransa Julai 1798. Baada ya hapo Marekani ilikaa karibu karne moja na nusu bila mkataba wa kulindana na mtu.

Aliyejaribu kuvunja mwiko huo ni Rais Woodrow Wilson. Ibara ya 10 ya hati ya Shirikisho la Mataifa iliwataka wanachama kulinda mipaka na uhuru wa wenzao dhidi ya uvamizi. Tarehe 19 Agosti 1919 Wilson aliwakaribisha maseneta wa Kamati ya Mambo ya Nje Ikulu, wakambana kwa maswali. Je, tukishaingia, tunalazimika kupeleka jeshi? Akajibu kwamba wajibu huo ni wa kimaadili, si wa kisheria, na kwamba Kongresi itabaki huru. Jibu hilo halikumridhisha mtu. Kama wajibu si wa kisheria, mkataba unamlinda nani? Na kama dhamiri inafunga kuliko sheria, kama Wilson mwenyewe alivyodai, Kongresi iko huru kwa lipi? Kiongozi wa wapinzani wake, Henry Cabot Lodge, alitaka iandikwe wazi kwamba Marekani haina wajibu wowote chini ya ibara hiyo mpaka Kongresi iamue kila tukio peke yake. Wilson alikataa katakata. Alizunguka nchi kwa treni kuwashawishi wananchi, akaishiwa nguvu mwezi Septemba, akapigwa na kiharusi mwanzoni mwa Oktoba. Seneti iliukataa mkataba Novemba 1919, ikaukataa tena Machi 1920 kwa pungufu ya kura saba.

Walioandika mkataba wa NATO miaka 30 baadaye walikuwa watu waliokumbuka yote hayo.

Machi 1948 Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilikuwa zimesaini mkataba wao Brussels. Lugha yake haikuwa na kona: mmoja akishambuliwa barani Ulaya, wengine watampa msaada wote wa kijeshi na wa namna nyingine ulio katika uwezo wao. Walitaka Marekani iseme hivyo hivyo. Seneta Arthur Vandenberg wa Michigan, mtu wa Republican ambaye kabla ya vita alikuwa hataki kusikia habari za Ulaya, ndiye aliyefungua mlango kwa azimio la Juni 1948 lililopita kwa kura 64 dhidi ya 4. Lakini alihakikisha kwamba ushirikiano wowote utafuata utaratibu wa Katiba.

Dean Acheson alipoingia Wizara ya Mambo ya Nje Januari 1949 alijikuta akijadiliana pande mbili. Mabalozi wa Ulaya walimsukuma aongeze, maseneta wakamvuta apunguze. Tarehe 14 Februari jambo lililipuka hadharani ndani ya Seneti: Vandenberg na Tom Connally wa Texas, mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, walisema wazi kwamba mkataba hautaifunga Marekani kupigana moja kwa moja. Huko Ulaya watu walishtuka. Acheson akarudi mezani. Kilichotoka ni Ibara ya 5 tunayoisikia hadi leo: shambulio dhidi ya mmoja ni shambulio dhidi ya wote, na kila mwanachama atamsaidia aliyeshambuliwa kwa kuchukua hatua anazoona yeye zinahitajika, ikiwa ni pamoja na kutumia nguvu za kijeshi. Ibara ya 11 ikaongeza kwamba kila nchi itautekeleza mkataba kwa kufuata utaratibu wa katiba yake.

Watu wengi hukumbuka nusu ya kwanza ya Ibara ya 5. Nusu ya pili ndiyo iliyopigiwa jasho. Hakuna mahali panaposema kwamba mwanachama lazima apeleke askari. Anaweza kupeleka dawa, risasi au meli, na bado akawa ametimiza ahadi. Mkataba wa nchi za Amerika uliosainiwa Rio de Janeiro mwaka 1947 ulikuwa umelisema hilo kwa ukali zaidi: hakuna nchi itakayotakiwa kutumia jeshi bila ridhaa yake.

Mkataba ulisainiwa Washington tarehe 4 Aprili 1949 na nchi 12. Acheson alikuwa amekwisha kuwaambia wananchi redioni kwamba hauiingizi Marekani vitani wenyewe, kwa kuwa Kongresi pekee ndiyo yenye uwezo wa kutangaza vita. Baadaye mwezi huo Seneta Bourke Hickenlooper alimuuliza mbele ya kamati kama Marekani itatarajiwa kupeleka askari wengi wakakae Ulaya. Acheson alijibu kwamba jibu la swali hilo ni hapana, tena hapana ya wazi kabisa. Seneti iliridhia Julai 21 kwa kura 82 dhidi ya 13.

Hapana hiyo haikumaliza miaka miwili. Desemba 1950 Harry Truman alitangaza kuongeza askari Ulaya chini ya NATO bila kuiomba Kongresi. Seneta Robert Taft wa Ohio, aliyeupigia mkataba kura ya hapana, alisimama Januari 1951 na kudai kwamba Rais hana uwezo huo. Mabishano yalichukua miezi mitatu. Mwishoni Seneti ilipitisha azimio lisilo na nguvu ya sheria: ilizikubali divisheni nne ambazo Rais alikuwa tayari anazipeleka, ikasema nyingine zisiende bila ruhusa.

Wakati huo huo Wamarekani walikuwa wakifa Korea, na huko hapakuwa hata na mkataba wa kulindana. Palikuwa na Hati ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1945, Seneti ilipokuwa ikiijadili Hati hiyo, Truman alituma ujumbe kutoka Potsdam akiahidi kwamba makubaliano yoyote ya kulipatia Baraza la Usalama askari yataletwa kwanza Kongresi yaidhinishwe. Sheria ya Desemba mwaka huo ikaliweka hilo katika maandishi. Makubaliano yenyewe hayajawahi kufungwa mpaka leo. Lakini Korea Kaskazini ilipovuka mpaka tarehe 25 Juni 1950, Truman aliamuru ndege na manowari siku mbili baadaye na askari wa nchi kavu tarehe 30, akijitetea kwa maazimio ya Baraza la Usalama. Alikubali msemo wa mwandishi mmoja wa habari kwamba hiyo ni kazi ya polisi tu. Wamarekani wapatao 36,000 walikufa katika kazi hiyo ya polisi.

Na Kongresi? Connally, yule yule aliyehangaika kuilegeza Ibara ya 5 mwaka mmoja kabla, alisimulia mwenyewe kwamba Truman alipomtaka ushauri alimwambia mwizi akivunja nyumba mwenye nyumba hana haja ya kwenda kituoni kuomba ruhusa ya kumpiga risasi. Katiba ilikuwa na walinzi wake, ila walinzi nao walikuwa wanasiasa, na mwanasiasa hupenda vita ambavyo hakuvipigia kura: vikienda vizuri anashangilia, vikiharibika ana wa kumlaumu.

Waziri wa Mambo ya Nje aliyefuata, John Foster Dulles, hakutaka kurudia vurugu za 1949. Mkataba wa Asia ya Kusini-Mashariki uliosainiwa Manila tarehe 8 Septemba 1954 haukusema kwamba shambulio kwa mmoja ni shambulio kwa wote. Ulisema tu kwamba uvamizi katika eneo hilo utahatarisha amani ya kila mwanachama, na kila mmoja atakabiliana na hatari hiyo kwa utaratibu wa katiba yake. Vietnam Kusini haikuwa hata mwanachama. Ilitajwa pamoja na Kambodia na Laos katika hati ya nyongeza. Kwa kuwa maneno yalikuwa laini kiasi hicho, Seneti iliuridhia kwa kura 82 dhidi ya moja.

Maneno laini hayo ndiyo yaliyobebeshwa vita vya Vietnam. Azimio la Kongresi kuhusu Ghuba ya Tonkin la Agosti 1964, lililomruhusu Rais kutumia jeshi na kupingwa na maseneta wawili tu, liliutaja mkataba wa Manila miongoni mwa sababu zake. Machi 1966, askari wa Marekani wakiwa wamefika mamia ya maelfu, mwanasheria wa Wizara ya Mambo ya Nje, Leonard Meeker, aliandika hoja ndefu kwamba Rais ana mamlaka ya kutosha na kwamba mkataba huo unaibana Marekani kuitetea Vietnam Kusini.

Tuutazame mkataba huo kwa wanachama wake wanane. Marekani, Australia, New Zealand, Ufilipino na Thailand zilipeleka vikosi. Uingereza, Ufaransa na Pakistan hazikupeleka. Ulikuwa mkataba ule ule, wenye saini zile zile, na hakuna aliyezishitaki nchi hizo tatu kwamba zimevunja ahadi. Wajibu uliokuwa ukiitwa wa lazima Washington ulikuwa wa hiari London na Paris. Hapo panaonekana kazi halisi ya mkataba katika kisa hiki: ulimpa Rais maneno ya kusema baada ya kuwa amekwisha kuamua.

Juni 1969 Seneti, ikiongozwa na William Fulbright aliyekuwa amelipitisha azimio la Tonkin kwa mikono yake na kulijutia, ilisema kwa kura 70 dhidi ya 16 kwamba ahadi ya taifa ya kutumia jeshi nje haiwezi kutolewa na Rais peke yake. Tarehe 7 Novemba 1973 mabaraza yote mawili yalimshinda Richard Nixon, aliyekuwa amekataa kuusaini mswada, na Sheria ya Mamlaka ya Vita ikazaliwa. Kifungu cha 8 kinafunga mjadala wetu kwa maandishi: ruhusa ya kupeleka jeshi vitani haiwezi kudhaniwa imetoka katika mkataba wowote, uwe wa zamani au ujao, isipokuwa pawe na sheria inayoutekeleza na kutoa ruhusa hiyo waziwazi. Na asiye na ruhusa amalize ndani ya siku 60. Mahakama Kuu nayo ilikuwa imekwisha kusema mwaka 1957, katika kesi ya wake wa askari walioshitakiwa kwa mauaji ya waume zao kambini ng'ambo, kwamba makubaliano na nchi ya kigeni hayawezi kuishinda Katiba.

Kwa hiyo kisheria jibu lipo, na ni hapana: mkataba hauanzishi vita wenyewe. Katika vitendo, mambo ya Machi 1999 yanatosha. Bill Clinton alianza kuishambulia Yugoslavia kwa ndege pamoja na NATO kwa ajili ya Kosovo, ingawa Yugoslavia haikuwa imemshambulia mwanachama yeyote. Tarehe 28 Aprili Baraza la Wawakilishi lilipiga kura mfululizo. Lilikataa kutangaza vita, kura 427 dhidi ya 2. Lilikataa kuwarudisha askari. Likapiga kura kuunga mkono mashambulizi, zikatoka 213 kwa 213, maana yake hoja imeanguka. Kisha mwezi uliofuata likaidhinisha fedha za vita hivyo hivyo. Mashambulizi yalichukua siku 78. Wabunge waliokwenda mahakamani waliambiwa hawana haki ya kushitaki.

Ibara ya 5 yenyewe ilisubiri mpaka tarehe 12 Septemba 2001. Walioiandika waliwaza vifaru vya Kisovieti vikielekea Paris. Ilipotumika kwa mara ya kwanza, aliyesaidiwa alikuwa Marekani. Ndege saba za rada za NATO, zenye wafanyakazi kutoka nchi 13, zililinda anga ya Marekani hadi Mei 2002. Lakini George W. Bush hakuitegemea NATO kupata ruhusa ya vita. Alipewa na Kongresi tarehe 14 Septemba, kura 98 kwa sifuri katika Seneti na 420 kwa moja katika Baraza la Wawakilishi. Huyo mmoja ni Barbara Lee wa California.

Ujerumani ilipita njia nyingine. Mwaka 1993 serikali yake ilipeleka askari Beledweyne, Somalia, chini ya Umoja wa Mataifa, na wataalamu wake wakapanda ndege za rada za NATO juu ya Bosnia. Upinzani ulikwenda Karlsruhe, kwenye Mahakama ya Katiba. Tarehe 12 Julai 1994 majaji waliamua kwamba Ujerumani inaruhusiwa kushiriki katika kazi za namna hiyo, lakini jeshi lake ni jeshi la Bunge: kila msafara wa kivita lazima uidhinishwe kwanza na Bundestag, uwe wa NATO au wa nani. Kansela Gerhard Schröder alipotaka askari kwa ajili ya vita vya Afghanistan Novemba 2001, wabunge wa upande wake mwenyewe walisita, akalazimika kuifanya kura hiyo kuwa pia kura ya imani kwa serikali yake. Alipata 336, alihitaji 334.

Serikali ile ile ilijaribu kuteleza mara moja. Mapema 2003, vita vya Iraq vikikaribia, Wajerumani walikuwa ndani ya ndege za NATO zilizokuwa zikizunguka anga ya Uturuki, na serikali ikasema hizo ni doria za kawaida za kumlinda mshirika, hazihitaji Bunge. Chama cha FDP kilishitaki. Hukumu ilitoka Mei 2008, miaka mitano baada ya ndege kutua: Bunge lilipaswa kuulizwa, kwa kuwa kuwa ndani ya mfumo wa ushirika hakuipi serikali ruhusa ya kuisogeza nchi kidogo kidogo mpaka ukingoni mwa vita.

Afrika Mashariki ina mikataba yake na katiba zake, na hazifanani. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 44, inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita kwanza. Spika huitisha Bunge ndani ya siku 14 ili liamue kuunga mkono au kutounga mkono. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka idhini ya Bunge kabla. Uganda inataka theluthi mbili ya wabunge wote. Mkataba wa zamani zaidi wa kulindana katika eneo hili, wa Kenya na Ethiopia tangu miaka ya 1960, ulilenga Somalia. Ila Somalia ilipoivamia Ogaden mwaka 1977, Kenya haikupeleka jeshi. Waliokwenda kuipigania Ethiopia walikuwa Wacuba.

Katiba mpya ya Kenya ilijaribiwa ikiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili. Oktoba 2011 vikosi vilivuka mpaka kuwafuata al-Shabaab, serikali ikitaja haki ya kujihami chini ya Hati ya Umoja wa Mataifa, bila tangazo la vita. Bunge lilipoulizwa, Desemba, swali lilikuwa kuviunganisha vikosi hivyo na jeshi la Umoja wa Afrika, na vilikuwa tayari vimekaa Somalia majuma kadhaa. Uganda ilipeleka askari Sudan Kusini Desemba 2013 kwa makubaliano na Rais Salva Kiir. Bunge lake liliidhinisha katikati ya Januari 2014. Novemba 2022 Rais William Ruto aliwakabidhi bendera wanajeshi wa Kenya waliokuwa wakielekea Goma kama sehemu ya jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na juma lililofuata Bunge likapitisha hoja. Mbunge aliyetaka kukataa siku hiyo angekuwa anawaita nyumbani askari ambao nchi nzima imekwisha kuwaona kwenye televisheni wakiagwa.

Mkataba wa ulinzi wa pamoja wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ulisainiwa Dar es Salaam Agosti 2003, miaka mitano baada ya Zimbabwe, Angola na Namibia kuingia Congo kwa jina la jumuiya hiyo huku Afrika Kusini ikinuna. Ibara yake ya 6 ingemfurahisha Vandenberg. Shambulio dhidi ya mwanachama litakabiliwa mara moja kwa hatua za pamoja, hatua hizo zitaagizwa na mkutano wa wakuu wa nchi, na kila nchi itashiriki kwa namna inayoona inafaa. Kwa mkataba huo vikosi vya Afrika Kusini, Tanzania na Malawi viliingia mashariki mwa Congo kuanzia tarehe 15 Desemba 2023. Katiba ya Afrika Kusini haimtaki Rais aombe ruhusa ya Bunge, inamtaka aliarifu haraka. Barua ya Cyril Ramaphosa kuhusu wanajeshi 2,900 ililifikia Bunge Februari 2024. Mjadala mkali ulikuja Januari 2025, baada ya Waafrika Kusini 14 kuuawa katika mapigano ya Goma na Sake, na tarehe 13 Machi mwaka huo SADC iliamua kuifunga operesheni hiyo, katika mkutano wa wakuu wa nchi.